KABLA MTAMBO HAUJAFIKA: Sababu za Kuchelewa Kuanza kwa Uchorongaji wa Utafiti wa Madini Mkoani Singida, na Mafunzo Yake kwa Watumishi wa Visiwani

Watumishi wa Serikali na wananchi wote wanaarifiwa kwamba yafuatayo ni maelezo kamili ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya watumishi wanaoshughulikia ardhi, maji, mazingira, ushuru na tawala za mikoa. Yanachapishwa hapa ili yasomwe na kila mwenye dhamana ya kutoa kibali, na pia na kila mwananchi ambaye huenda siku moja akaombwa kupisha kazi za utafiti katika eneo lake.

Ndugu Mwenyekiti,
Ndugu Wakuu wa Idara,
Ndugu Watumishi wenzangu,
Mabibi na Mabwana,

Nimetakiwa nieleze ni kwa nini kazi ya uchorongaji wa utafiti, ambayo kwenye karatasi huonekana kuwa ya miezi mitatu, huweza kuchukua mwaka mzima na zaidi kabla hata tundu la kwanza halijatobolewa. Mfano nitakaoutumia ni wa Mkoa wa Singida, katikati ya Tanzania Bara.

Huenda baadhi yenu mkajiuliza, sisi wa Visiwani tuna shughuli gani na Singida? Ni kweli kwamba madini ya kawaida si jambo la Muungano, na kwamba Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inatumika Tanzania Bara peke yake. Hata hivyo, tangu Zanzibar ilipotunga sheria yake ya utafutaji na uchimbaji wa mafuta na gesi asilia mwaka 2016, dhamana ya kusimamia kazi za aina hii imekuwa mikononi mwetu wenyewe. Mwenye busara hujifunza kwa jirani aliyekwishapita njia. Singida ni jirani aliyepita njia hii kwa zaidi ya miaka mia moja.

Ndugu Mwenyekiti,

Ni vyema kwanza tuelewane juu ya kazi yenyewe. Kuchoronga ni kutoboa ardhi kwa mtambo ili kupata sampuli za mwamba kutoka chini, ambako macho hayafiki. Ziko njia mbili kubwa. Njia ya kwanza hutumia kichwa chenye almasi kinachokata mwamba na kutoa kipande kirefu cha duara mfano wa mchi, ambacho wenzetu wa Bara hukiita choronge. Njia hii hutoa habari sahihi kabisa juu ya mwamba, lakini huenda polepole na huhitaji maji mengi. Njia ya pili hutumia hewa yenye nguvu kupandisha juu vipande vidogo vidogo vya mwamba uliosagwa. Hii huenda haraka na haihitaji maji mengi, lakini mtambo wake na kompresa yake ni mizigo mizito, na dizeli inayotumika ni nyingi.

Kwa njia yoyote itakayotumika, uchorongaji ndio hatua ya ukweli. Picha za angani, ramani za kijiolojia na vipimo vya sumaku humwambia mtafiti mahali pa kutazama. Ni tundu tu linalomwambia kama kuna kitu au hakuna. Kwa sababu hiyo, uchorongaji ukichelewa, uamuzi wa kila mtu huchelewa: wa mwekezaji, wa Serikali na wa mwanakijiji asiyejua kama alime shamba lake au asubiri.

Ndugu Mwenyekiti,

Mkoa wa Singida si mgeni katika shughuli za madini. Mgodi wa dhahabu wa Sekenke, katika eneo la Iramba, ulianza wakati wa utawala wa Wajerumani, mwanzoni mwa karne ya 20, na ni miongoni mwa migodi ya kwanza ya dhahabu katika Tanganyika. Wakati huo Reli ya Kati ilikuwa haijafika mbali; ilifika Tabora mwaka 1912. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walipozingirwa na kukatiwa mawasiliano na kwao, dhahabu ya Sekenke ndiyo iliyotumika mwaka 1916 kutengenezea sarafu ya rupia 15 mjini Tabora, ile yenye picha ya tembo. Baada ya miaka mingi, mwaka 2023, mgodi wa kampuni ya Shanta katika Wilaya ya Ikungi nao ulitoa dhahabu yake ya kwanza. Kwa upande wa kusini, Wilaya ya Manyoni ilitafitiwa madini ya urani. Kwa upande wa kaskazini, katika bonde la Eyasi Wembere ambalo Singida inashirikiana na mikoa ya jirani, Shirika la Maendeleo ya Petroli limekuwa likifanya utafiti wa mafuta na gesi.

Kwa hivyo mali ipo, au yaelekea ipo. Tatizo ni kufika.

Kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Singida mjini ni takriban kilomita 700, na siku hizi ni barabara ya lami kupitia Dodoma na Manyoni. Hadi hapo hakuna shida kubwa, ingawa hata njia kuu zina siku zao. Mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998 ziliharibu barabara na reli katika sehemu nyingi za nchi. Mafuriko ya Kilosa ya mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010 yaliikata Reli ya Kati kwa miezi kadhaa. Lakini shida yenyewe huanza pale gari linapoiacha lami. Sehemu kubwa ya bonde la Wembere ni mbuga ya udongo mweusi. Udongo huo ukikauka huwa mgumu na kupasuka nyufa, na ukilowa huvimba na kunata kama gundi. Lori lenye mtambo wa tani ishirini likiingia humo baada ya mvua, hukaa humo. Upande wa Itigi kuna kichaka kizito cha miti mifupi iliyofungamana, ambacho mtu hupenya kwa shida, seuze gari. Huko lazima njia ifyekwe kwanza, na kufyeka nako kunahitaji kibali chake.

Sasa naomba mzingatie majira. Singida hupata msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza kiasi cha Novemba na kumalizika kiasi cha Aprili. Ardhi huhitaji wiki kadhaa kukauka. Mazao yaliyoko shambani, alizeti, mtama, uwele na mahindi, huvunwa kuanzia Mei hadi Juni au Julai. Kwa hivyo muda ambao mtambo unaweza kupita bila ya kuzama wala kukanyaga mazao ya mtu ni kati ya Julai na Oktoba, na mwaka mzuri huenda ukafika katikati ya Novemba. Hiyo ni miezi minne, au minne na nusu.

Na hapa ndipo lilipo fundo la mazungumzo yangu. Miezi hiyo hiyo ambayo njia hupitika ndiyo ambayo maji huadimika. Tukadirie kwamba mtambo mmoja wa kichwa cha almasi unatumia lita 20,000 za maji kwa siku. Hizo ni ndoo elfu moja za lita ishirini. Katika kijiji ambacho akina mama na watoto hutembea mwendo mrefu kutafuta ndoo moja mwezi wa Septemba, mgeni anayevuta ndoo elfu moja kwa siku kutoka lambo lile lile hawezi kutazamwa kwa jicho la kheri, hata akiwa na vibali vyote mkononi. Mtafiti mwenye kujali hupaswa kuchimba kisima chake, au kuleta maji kwa boza kutoka mbali, na maji yaliyokwishatumika kuyatuliza katika shimo ili yatumike tena. Yote haya huhitaji muda wa kupangwa, na kibali cha maji hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Kati, ambayo makao yake yako Singida.

Ndugu Mwenyekiti,

Wazee wetu wa pwani waliifahamu vyema hali ya namna hii. Nahodha aliyetaka kusafiri kwenda Arabuni alijua kwamba pepo za kusi hazimsubiri mtu. Akichelewa kumaliza kupakia, hakuchelewa kwa wiki moja. Alichelewa hadi msimu mwengine. Hivyo ndivyo ilivyo Singida. Kibali kilichopaswa kutoka mwezi wa Mei kikitoka mwezi wa Septemba, kazi haikuchelewa miezi minne. Imechelewa mwaka mmoja. Wiki moja ya ofisini yaweza kuwa msimu mzima wa porini, na mwenye kuishika karatasi aghalabu hajui, kwa sababu kule ofisini kwake Septemba na Mei ni miezi sawa.

Naomba sasa nieleze ni karatasi zipi hizo. Kwanza ni leseni ya utafutaji, inayotolewa chini ya Tume ya Madini. Pili ni masharti ya Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, ambayo husimamiwa na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira. Tatu ni kibali cha maji nilichokitaja. Nne, ikiwa eneo limo katika mapori ya akiba, kama vile Muhesi na Kizigo huko Manyoni, ni ruhusa ya mamlaka ya wanyamapori. Na ikiwa ni msitu wa hifadhi, ni ya wakala wa misitu. Tano, kwa madini ya mnunurisho kama urani, Tume ya Nguvu za Atomiki inahusika. Sita ni mpango wa ushirikishwaji wa Watanzania, unaotakiwa na kanuni za mwaka 2018. Saba ni ridhaa ya mwenye kuikalia ardhi kihalali, pamoja na kufika kwa Mkuu wa Wilaya, Halmashauri, Kata na Kijiji.

Hakuna hata moja kati ya hizi isiyo na sababu yake. Simwambii mtu yeyote kwamba karatasi hizi zifutwe. Ninachosema ni kwamba kila ofisi huitazama karatasi yake peke yake, na hakuna ofisi inayoitazama kalenda ya mvua. Ofisi ya kwanza husema, lete kwanza barua ya ofisi ya pili. Ofisi ya pili husema, tutatoa barua ukileta ya ofisi ya kwanza. Jalada hulala masjala wiki mbili likisubiri saini ya mkubwa aliyesafiri, na hakuna aliyekaimishwa. Kila mmoja katika mlolongo huo akiulizwa atajibu kwa haki kwamba yeye amechelewesha siku kumi tu. Siku kumi katika ofisi saba ni siku sabini, na siku sabini ni zaidi ya nusu ya msimu wa kazi.

Ndugu Mwenyekiti,

Jambo la pili ni mtambo wenyewe. Mitambo ya kuchoronga si kama magari ya kukodi yanayongoja stendi. Ni michache, na kila mwenye leseni katika nchi yenye msimu wa kiangazi huitaka katika miezi ile ile. Mfano ulio wazi ni wa kampuni ya Helium One, iliyokuwa ikitafuta gesi ya heli katika bonde la Rukwa. Kampuni hiyo ilichoronga kisima chake cha kwanza mwaka 2021. Mwaka 2022 ilikusudia kuendelea, lakini haikupata mtambo wa kufaa, na msimu ukapita. Mwaka 2023 iliamua kununua mtambo wake yenyewe, na mwanzoni mwa mwaka 2024 ikatangaza kuipata heli katika kisima cha Itumbula. Leseni ilikuwapo na nia ilikuwapo. Kilichokosekana ni chombo, na kukosekana kwake kuligharimu zaidi ya mwaka.

Mtambo ukishapatikana, bado una safari. Ukitoka nje ya nchi lazima upite bandarini, na vifaa vinavyoombewa msamaha wa ushuru huhitaji orodha iliyoidhinishwa kabla meli haijatia nanga, si baada yake. Mabomba ya chuma, vichwa vya almasi, dawa za kuimarisha tundu, vipuri vya kompresa na masanduku ya kuwekea choronge, kila kimoja kina msafirishaji wake na hati yake. Kikikosekana kimoja kidogo, vikubwa vyote husimama. Mtambo uliosimama porini kwa kukosa mpira wa shilingi chache hulipiwa sawa na mtambo unaofanya kazi, kwani mkataba huhesabu siku. Aidha, sampuli zikishatoka ni lazima zifike maabara, Mwanza au Dodoma, na majibu yarudi mapema ili mtafiti ajue tundu linalofuata alitoboe wapi. Majibu yakichelewa, mtambo hutoboa kwa kubahatisha.

Jambo la tatu ni wananchi. Naliweka la tatu kwa mpangilio tu, wala si kwa uzito. Ardhi ya kijiji ina wenyewe. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, Mkutano Mkuu wa Kijiji una sauti yake. Wanyaturu na Wanyiramba ni wakulima na wafugaji. Wataturu huhamisha mifugo kwa kufuata malisho. Na katika Wilaya ya Mkalama wapo Wahadzabe, ambao maisha yao yanategemea pori ambalo mgeni huliona kuwa ni eneo tupu. Ramani ya leseni haionyeshi kaburi la mzee, mzinga wa nyuki, mti wa matambiko wala njia ya ng'ombe kwenda majini. Haya huonekana tu kwa kukaa na wenyeji na kuwauliza.

Wakati wa utafiti wa urani huko Manyoni na Bahi, wananchi walikuwa na maswali mengi juu ya maji yao na afya zao. Hayo yalikuwa maswali ya haki. Mahali ambapo maswali ya namna hiyo hayakujibiwa mapema kwa lugha inayofahamika, uvumi huyajibu, na uvumi ukishatangulia, hakuna barua ya Serikali inayoweza kuukamata.

Ndugu Mwenyekiti,

Tuchukue mfano wa makadirio ili jambo hili lieleweke. Tuseme mtafiti anataka kutoboa matundu ishirini ya mita 150 kila moja. Jumla ni mita 3,000. Kwa mtambo wa hewa unaokwenda mita mia moja kwa siku, hiyo ni kazi ya siku thelathini. Kwa mtambo wa almasi unaokwenda mita thelathini kwa siku, ni kazi ya siku mia moja. Tukiongeza siku za kuharibika, za kuhama kutoka tundu moja hadi jengine na za mapumziko, mtambo wa almasi utajaza msimu wote. Kwa hivyo lazima uanze mwanzoni mwa Julai, la sivyo hautamaliza.

Tuhesabu kwa kurudi nyuma. Ili uanze Julai, njia na kambi ziwe tayari Juni. Ili kambi ijengwe Juni, wanakijiji wawe wamekubali na mazao yatakayoguswa yawe yamethaminiwa Mei. Ili uthamini ufanyike Mei, mikutano ya vijiji iwe imefanyika Machi na Aprili, wakati ambapo njia bado ina matope na Ofisa anapaswa kwenda kwa pikipiki au kwa miguu. Kibali cha maji na cha mazingira viwe vimeombwa Januari. Mkataba wa mtambo uwe umetiwa saini mwaka uliotangulia. Kwa maneno mengine, kazi ya Julai huanza Desemba, katikati ya mvua, wakati porini hakuna kinachoonekana kutendeka. Anayesubiri ardhi ikauke ndipo aanze kuandika barua, amekwishachelewa.

Na gharama ya kuchelewa ni ya nani? Leseni ya utafutaji ina umri wake. Hutolewa kwa miaka minne, na ikihuishwa huongezwa mitatu na kisha miwili, na mwenye leseni hutakiwa kuachia sehemu ya eneo lake. Msimu mmoja ukipotea katika minne, robo ya muda wa kwanza imekwenda bila ya tundu hata moja. Soko nalo halisubiri. Bei ya urani ilipanda sana mwaka 2007. Baada ya ajali ya Fukushima huko Japani, Machi 2011, ilianza kushuka, na mwishoni mwa mwaka 2016 ilikuwa chini ya dola 20 kwa ratili. Mradi uliokuwa na maana katika bei ya kwanza hauna maana katika bei ya pili. Kijana wa kijijini aliyeambiwa kwamba kutakuwa na vibarua Julai, akaacha safari yake ya kutafuta riziki mahali pengine, naye amelipa gharama hiyo, ingawa jina lake haliandikwi katika hesabu za kampuni wala za Serikali.

Ndugu Mwenyekiti,

Sipendi nieleweke kwamba kila kuchelewa ni kubaya. Lugha yetu ina methali mbili ambazo huonekana kupingana: haraka haraka haina baraka, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Zote mbili ni za kweli, na hekima ya mtumishi ni kujua ni ipi inayohusika na jalada lililo mbele yake.

Kuna kuchelewa kwa haki. Mkutano wa kijiji ulioahirishwa kwa sababu watu wako msibani, uchunguzi wa maji uliorudiwa kwa sababu vipimo vya kwanza havikuaminika, mtambo uliozuiwa kwa sababu breki zake ni mbovu na una mlima wa Sekenke mbele yake: huku si kuchelewesha kazi, huku ni kuifanya kazi. Anayeruka hatua hizi ili auwahi msimu, huupata msimu huo mmoja na kuipoteza miaka inayofuata, kwa sababu kijiji kilichodharauliwa hakisahau.

Na kuna kuchelewa kusiko na jina: jalada lililolala, simu isiyopokelewa, barua iliyorudishwa kwa kukosa nakala moja ambayo hakuna aliyeitaja mara ya kwanza. Huku hakumlindi mwananchi wala hakuhifadhi mazingira. Tena, kwa kuwa huula muda wote, hatimaye huzilazimisha hatua za haki zifanywe kwa pupa. Ofisi ikichukua miezi mitatu kwa karatasi ya siku tatu, kinachokatwa mwishoni si muda wa ofisi. Ni muda wa mkutano wa kijiji. Mwenyekiti wa Kijiji huletewa karatasi asubuhi na kuambiwa gari la mtambo linafika jioni. Hapo ndipo uzembe wa mjini unapogeuka kuwa dhulma ya shamba.

Ndugu Mwenyekiti,

Kwa upande wetu wa Visiwani, kuchelewa si jambo geni. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, BP na Shell zilichimba visima vya utafutaji mafuta Unguja na Pemba. Mwaka 2002 kampuni ya Shell ilipewa vitalu vinne katika bahari ya mashariki yetu, lakini kwa miaka mingi kazi haikuendelea, kwa kuwa suala la mafuta na gesi katika Muungano lilikuwa halijapatiwa ufumbuzi. Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 ilifungua njia, sheria yetu ya mwaka 2016 ikafuata, na Oktoba 2018 Serikali ikatia saini mkataba na kampuni ya RAK Gas kwa kitalu cha Pemba na Unguja. Kuchelewa kule kulikuwa na sababu ya kikatiba, na kulihitaji ufumbuzi wa kikatiba. Kutakakofuata kusiwe na sababu ya masjala.

Visiwa vyetu havina mbuga za Wembere, lakini vina masika na vuli, vina mashamba ya karafuu ambayo msimu wake hauingiliwi, vina bandari ndogo na njia nyembamba, na vina maji ya chini ya ardhi ambayo ndiyo tegemeo letu. Badala ya kijiji tunayo shehia, na badala ya Mwenyekiti wa Kijiji tunaye Sheha. Somo ni lile lile. Kwa hivyo naomba kupendekeza mambo manne.

Kwanza, kila mradi wa utafiti uwe na kalenda moja inayoandikwa kwa kurudi nyuma kutoka siku ambayo mtambo lazima uanze, na kalenda hiyo ibandikwe katika kila ofisi inayohusika, ili kila mmoja ajue siku yake kumi ni siku kumi za nani.

Pili, ofisi zinazotegemeana kwa barua zikutane meza moja mara moja, badala ya kuandikiana mara saba. Na kila mwenye saini anaposafiri, aache mwenye kukaimu.

Tatu, muda wa wananchi uwekwe kwanza katika kalenda na usipunguzwe. Ikibidi kitu kukatwa, kikatwe mahali pengine. Sheha na wananchi wake waelezwe mapema: nini kitafanyika, maji yatatoka wapi, fidia italipwa lini, na vibarua watakuwa wangapi na kwa muda gani. Waelezwe pia kwamba matundu mengi ya utafiti hayapati kitu, ili asijenge mtu nyumba kwa matumaini ya mgodi usiokuwapo.

Nne, kila kibali kinapotolewa, au kinapokataliwa, sababu na tarehe ziandikwe na ziwekwe wazi. Mwombaji aliyekataliwa mapema anaweza kupanga jambo jengine. Aliyeachwa bila ya jibu hawezi kupanga chochote.

Kwa wananchi nasema hivi: msione haya kuuliza. Swali lililoulizwa kabla mtambo haujafika ni msaada kwa kila mtu. Likiulizwa baada ya mtambo kufika huitwa mgogoro, ingawa ni swali lile lile.

Ndugu Mwenyekiti,

Mwamba wa Singida umekaa chini ya ardhi kwa zaidi ya miaka bilioni mbili, na mwaka mmoja wa kuchelewa hauupunguzii kitu. Anayepungukiwa ni binadamu aliye juu yake: maji yake ni ya msimu, shamba lake ni la msimu, na kibarua chake ni cha msimu. Mtumishi anapoiweka karatasi pembeni, akumbuke kwamba anaweka pembeni msimu wa mtu asiyemwona.